Kuutengenezea Mrehani Hali ya Hewa: Mwongozo kwa Mkazi wa Ghorofani

Mrehani ni mmea usio na makuu. Unaota kwenye kopo la rangi, kwenye sufuria lililotoboka kitako, kwenye kona ya ua karibu na bomba linalovuja. Pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kina mama wameuchuma miaka nenda miaka rudi, wakaufunga pamoja na asumini na mkadi kutengeneza kikuba, na hakuna aliyesikika akiuliza hewa ya uani ina unyevu wa asilimia ngapi. Hiyo ndiyo kasoro tuliyokusanyika kuirekebisha.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Dar es Salaam aliyejaaliwa fleti ya ghorofa ya sita, madirisha ya vioo ambayo hayajafunguliwa tangu alipohamia, kiyoyozi kila chumba, simu yenye bando la kutosha, na nia njema. Nia njema ndiyo kiungo kikuu. Mtu asiye nayo huutupa mrehani kibarazani akausahau, nao kwa kukosa adabu ukastawi.

Anza kwa wauza miche wa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kijana atakuonyesha mirehani ya aina mbili: wenye majani madogo yaliyochongoka, ambao ukiugusa tu harufu inakufuata hadi garini, na wenye majani mapana yanayong'aa, wa kutilia kwenye pasta. Yote miwili ni Ocimum basilicum, damu moja. Chukua wa majani mapana kwa sababu unapendeza pichani. Kijana atakwambia, "Bosi, huu usiusumbue. Jua la asubuhi, maji asubuhi, basi." Mshukuru, mlipe, sahau. Mtu anayeshinda juani na mamia ya miche iliyo hai atakuwa na nini cha kukufundisha?

Ukifika nyumbani, uhamishe kutoka kwenye ule mfuko mweusi wenye matundu, uutie kwenye chungu cheupe cha kauri kisicho na tundu hata moja, maana tundu hutoa maji na maji huchafua meza ya kioo. Meza yenyewe iko katikati ya sebule, mbali na dirisha, na pazia zito limefungwa ili televisheni ionekane vizuri. Mrehani unahitaji jua la saa sita hivi kwa siku, lakini hapa tunazungumzia unyevu. Tusichanganye mada.

Huwezi kuurudisha unyevu chumbani kabla hujautoa, kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kiyoyozi. Hewa ya Dar es Salaam ina maji mengi, hilo halihitaji mtaalamu. Kwa wastani wa mwaka unyevu wake unazunguka asilimia 75 hadi 80, na alfajiri za Aprili hupanda juu ya hapo. Asilimia hizi, kwa faida ya wale waliolala kipindi cha fizikia, hazitaji kiasi cha maji yaliyomo. Zinaeleza hewa imebeba sehemu gani ya mzigo inaoweza kuubeba kwa joto lile. Hewa ya moto hubeba zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzijoto 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Ipoze hadi nyuzi 18, uwezo wake unashuka hadi gramu 15. Chukua sebule ya mita 4 kwa 5 yenye dari la mita 3: mchana wa kawaida, mle ndani mnaelea zaidi ya lita moja na robo ya maji bila mtu kuyaona.

Washa kiyoyozi, weka nyuzi 18, vaa sweta. Mvuke unagonga mabomba baridi yaliyomo ndani ya mashine, unageuka matone, matone yanafuata kibomba chembamba cha plastiki hadi nje ya ukuta, na kutoka hapo yanadondokea kanga za jirani wa ghorofa ya tano aliyeanika asubuhi. Kwa kuwa hewa mbichi inapenya chini ya mlango kila wakati, kibomba hakikauki. Usiku wa masika kinaweza kutoa lita kadhaa. Jirani ataandika kwenye kundi la wapangaji, kwa herufi kubwa. Usimjibu. Uko kwenye kilimo.

Sasa tazama kipimo cha unyevu (vipimo vinakuja, subira). Kitasoma asilimia 50, pengine 55. Vitabu vya bustani vinasema mrehani unaridhika kati ya 40 na 60. Kwa maneno mengine umeshafika, na hujanunua kitu. Hapa ndipo wengi hulegea wakakosa uhondo wote. Usilegee. Angalia lile jani la chini, limejikunja kidogo: hiyo ni dalili ya hewa kavu. Inaweza pia kuwa dalili ya kiu, ya maji kupita kiasi, ya giza, au ya upepo wa kiyoyozi unaolipiga jani lilelile kutwa kucha, kwani mrehani asili yake ni nchi za joto na baridi hauipendi. Lakini sababu hizo nne zinatibika bure. Hewa kavu ndiyo pekee inayouziwa mashine.

Mashine inapatikana Kariakoo, na ukiona uvivu unaagiza kwa simu. Ni kiyai cha plastiki kinachobadilika rangi, bluu, zambarau, kijani, na kinafuka ukungu mweupe kwa juu. Ndani yake kuna kisahani kinachotetemeka kwa kasi ambayo sikio halisikii, kikayapasua maji kuwa chembe ndogo na kuzirusha hewani. Kiweke pembeni ya chungu, kijaze maji ya bomba, kiwashe. Sasa una mashine moja inayotoa maji hewani na nyingine inayoyarudisha, zimekaa chumba kimoja, na LUKU inazisoma zote mbili bila upendeleo. Usiku kukiwa kimya utasikia kiyai kinapuliza ndani na kibomba kinadondosha nje, zamu kwa zamu, mpaka uniti ziishe.

Baada ya siku chache vumbi jeupe litatanda juu ya televisheni, juu ya meza ya kioo na juu ya majani ya mrehani. Hiyo ni chumvi na chokaa. Majengo mengi ya Dar yanatumia maji ya kisima, na visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi; kiyai hakichemshi maji, kinarusha kila kilichomo. Ukisoma karatasi ya maelekezo, ile iliyokunjwa mara nane chini ya boksi, utaona unatakiwa kutumia maji yasiyo na madini, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Madukani maji hayo ni ya kutafuta kwa tochi, na bei yake si ya kumwagia mimea. Yanapatikana pia bila malipo kwenye kanga za jirani wa ghorofa ya tano.

(Kwa anayeuliza bila utani: ndiyo, maji ya kiyoyozi yanafaa kumwagilia mimea ya chunguni, kwa kuwa hayana chumvi. Kunywa, hapana, maana yamepita kwenye vumbi na vyuma vya mashine.)

Ni haki kusema kwamba kiyai hakikubuniwa na mwendawazimu. Ndugu zetu walioko Minneapolis au Stockholm hupitisha miezi kadhaa kwenye baridi ya chini ya sifuri. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2 na nusu za mvuke kwa mita ya ujazo. Iingize ndani, ipashe joto hadi nyuzi 21, ambako uwezo wake ni gramu 18, na unyevu unaporomoka chini ya asilimia 15. Midomo inapasuka, pua zinatoka damu, ukishika kitasa cha mlango unapigwa shoti, na mrehani wa dirishani unakauka ncha. Mtu wa huko akinunua mashine ya mvuke ana hoja. Maelekezo mengi unayosoma simuni kuhusu unyevu wa mimea ya ndani yaliandikwa na mtu wa namna hiyo, mwezi Januari, amevaa soksi pea mbili. Wewe umeyasoma Msasani, mgongo umelowa jasho, ukasema: na mimi.

Twende kwenye vipimo, maana kilimo cha kisasa bila namba ni porojo.

Kipima unyevu cha bei nafuu kina kioo kidogo na katuni ya uso unaotabasamu au kununa. Nunua viwili, viweke pamoja. Kimoja kitasoma 58, kingine 67, na utakuwa na la kubishania na mwenzi wako hadi Jumapili. Kuna njia ya kuvipatanisha ambayo haina kejeli ndani yake. Chukua kifuniko cha chupa, kijaze chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji hadi chumvi ilowe bila kuyeyuka yote. Weka kifuniko hicho na kipimo chako ndani ya kopo linalofunga barabara, visigusane, uache saa nane au zaidi. Hewa ya mle ndani itatulia kwenye asilimia 75. Iwe Dar, iwe Stockholm, ni 75, kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya chumvi iliyolowa. Kipimo kikisoma 68, kinakudanganya kwa 7. Jumlisha kila mara.

Habari hiyo ina mkia mzuri. Ikiwa chumvi iliyolowa hutulia kwenye 75, basi chumvi kavu ikikaa kwenye hewa iliyozidi 75 itavuta maji na kulowa yenyewe. Ndiyo maana kichupa cha chumvi cha mama yako kina punje za mchele ndani, na ndiyo maana mwezi wa nne unakigonga mezani hadi wali unapoa na chumvi haitoki, wakati mwezi wa nane mchana kinamwaga bila kuombwa. Chumvi ya mawe ya kwenye mabwawa ya bahari hulowa mapema zaidi kwa sababu ya madini mengine yaliyomo. Kipima unyevu ulikuwa nacho jikoni tangu unatambaa; kilikaa karibu na ndimu.

Viko na vingine: mlango wa bafuni unaovimba masika ukagoma kufunga, njiti ya kiberiti inayochubuka bila kuwaka, biskuti iliyolegea kabla ya chai. Lakini mfalme wa vipimo ni nywele. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa unyevu wa hewa, na chombo chake kilitumia unywele wa binadamu: hewa ikiwa na unyevu unywele hurefuka, ikikauka hufupika, mshale ukasogea. Vipimo vya nywele viliendelea kutumika kwenye vituo vya hali ya hewa hadi karne ya 20. Dada aliyetoka saluni Sinza nywele zimenyooshwa hadi zinamwagika mabegani, akashuka Kivukoni zimeshajikunja zote, amesoma chombo kilekile cha Saussure. Tofauti ni kwamba yeye kila kipimo anakilipia.

Sasa kupulizia majani. Chupa ya kupulizia haikwepeki, kwa sababu mtu mwenye nia njema lazima apate cha kufanya kwa mikono. Pulizia asubuhi, mchana, na zaidi usiku kabla ya kulala, mpaka majani yadondoshe. Unyevu unaoongezeka hudumu dakika chache, kwani sebule ni kubwa na matone ni machache. Maji yakishakauka, hewa inarudi ilivyokuwa. Lakini utakuwa umelala na moyo mweupe.

Wengine huongeza sahani ya kokoto yenye maji chini ya chungu. Ukipima shibri moja kutoka kwenye sahani, tofauti huioni. Mbu wanaiona. Aedes, mbu wa dengi, hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama ndani na kandokando ya nyumba, visahani vya maua vikiwamo, na Dar es Salaam inazikumbuka dengi za 2014 na 2019. Utakuwa umewafugia mbu hapo hapo chini ya mmea ambao ndugu yake wa porini, kivumbasi, watu hukifukiza kuwafukuza. Sahani ya kokoto, kwa maoni yangu, ndiyo hatua ya kijinga kuliko zote humu, na ninasema hivyo nikiwa nimeshaeleza habari za kiyai.

Mpaka hapa mrehani utakuwa umeanza kupauka. Majani yanageuka manjano kwa mabaka yanayoishia kwenye mishipa. Utasema ni njaa. Utatia urea kijiko kimoja, halafu cha pili kwa kuwa cha kwanza hakikuonyesha heshima. Manjano itazidi. Tafadhali geuza jani. Upande wa chini utakuta kama masizi ya kijivu yanayoelekea zambarau, laini, ukiyapangusa yanabaki kidoleni. Huo ni ubwiri vinyoya, na mwenye kuuleta kitaalamu anaitwa Peronospora belbahrii.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna sifa yetu. Ugonjwa huu wa mrehani uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1933. Kisha dunia ikausahau kwa miongo kadhaa, mpaka ulipozuka Uswisi mwaka 2001, ukaingia Italia muda mfupi baadaye, na mwaka 2007 ukaonekana Florida, Marekani, ukisafiri na mbegu zilizokuwa zimeshaambukizwa. Jina lake la kisayansi la sasa limetolewa mwaka 2009 tu. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakiuza mirehani kwa mamilioni walijikuta wanatupa vitalu vizima, kwa sababu jani lenye masizi hakuna wa kulinunua.

Kimelea hiki hakina gharama. Kinataka giza, hewa iliyotuama, na majani yenye umande au maji kwa saa nyingi za usiku. Hapo ndipo kinapotoa yale masizi, ambayo ni mbegu zake, na asubuhi mkono wako au upepo kidogo unazihamisha hadi jani la pili. Ukikipa hewa inayopita na majani makavu, kinakwama. Pitia tena orodha ya huduma unazoupa mmea wako. Pazia. Madirisha. Chupa ya kupulizia saa nne usiku.

Umeme ukikatika mambo yanakwenda haraka zaidi. Kiyoyozi kimenyamaza, kiyai kimezima rangi zake, vioo vimefungwa, na wewe, familia na mrehani mnagawana hewa moja. Joto linapanda, unyevu unapita 80. Saa tano usiku mmea ulikuwa Dodoma ya Septemba. Saa tisa uko Tanga ya Mei, na hakuna aliyeuaga stendi. Umeme ukirudi, kiyoyozi kinaanza tena kwenye nyuzi 18.

Na ukifanikiwa kweli kukausha hewa, labda kwa kuusogeza mmea juu ya friji penye joto, usidhani umevuka. Watakuja utitiri wekundu, viumbe vidogo kama punje ya chumvi, wakafuma utando mwembamba chini ya majani na kuyanyonya hadi yawe na vidoti vyeupe. Kwao hewa ya moto na kavu ndiyo sikukuu. Kwa hiyo kila upande wa kipimo una wenyeji wake, na nia njema inawafikia wote.

Wakati fulani atakuja mgeni. Aghalabu ni bibi kutoka Tanga, Pemba au Mafia, aliyekuja mjini kwa harusi au kliniki ya macho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Na huyu mgonjwa hapa mezani ni nani?"

"Ni mrehani, bibi."

"Mrehani! Kwenye barafu hii? Na hicho kinachofuka, ndicho chetezo cha siku hizi? Mbona hakinukii?"

"Hapana bibi, hicho kinaongeza unyevu."

Bibi atakwenda polepole hadi dirishani, atafunua pazia, ataitazama Bahari ya Hindi iliyotanda chini yake. "Unyevu," atasema. "Dar es Salaam." Hatakwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu ni mtu mwenye adabu na yuko kwenye nyumba ya watu.

Kesho yake asubuhi chungu cha kauri kitakuwa kwenye sinki, kimeoshwa, tayari kwa matumizi ya maana. Mrehani utaukuta kwenye kibaraza cha kufulia, ndani ya kopo lililotobolewa kwa msumari, majani yenye masizi yameshachumwa na kufungwa kwenye mfuko wa taka. Jua la saa mbili linaupiga ubavuni. Bibi atakuwa pia ameshusha ndoo chini ya kibomba cha kiyoyozi, kwa kuwa alisikia matone usiku na hakuweza kulala akijua maji yanapotea. Maji ya ndoo hiyo ndiyo anayoumwagilia mrehani, kikombe kimoja, udongoni, si majanini. Jirani wa ghorofa ya tano atatuma ujumbe wa shukrani kwenye kundi. Upokee kwa unyenyekevu, kana kwamba ulikuwa mpango wako.

Bibi hatakuwa amepima kitu. Akiulizwa atakuonyesha ufa wa mtaro nje ya geti, ambako kivumbasi kimeota katikati ya makopo, kimerefuka hadi kiunoni, kinanuka vizuri, na walinzi wanakikata kila jioni kwa ajili ya mbu.

Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja mrehani unauweza bila msaada wako, mradi hewa ipite. Kinachouua humu mwetu ni giza, udongo uliotota kwenye chungu kisicho na tundu, na majani yaliyolowa usiku kwenye chumba kilichofungwa. Asiye na kibaraza auweke dirishani upande wa jua la asubuhi, afungue dirisha hata kama ni nusu, na kama kiyoyozi lazima kiwake, upepo wake usiuelekee. Feni ndogo inayozunguka polepole itasaidia kuliko mashine yoyote ya mvuke. Maji ni asubuhi, pale udongo wa juu ukiwa mkavu hadi pingili ya kwanza ya kidole. Vikonyo vya maua vikitokeza, vikate, maana ukishatoa maua majani hupungua na huwa machungu. Aliye Dodoma kiangazi, au Minneapolis mwezi wa kwanza, akusanye mimea yake pamoja na asiuache udongo ukauke kabisa; yeye ndiye mwenye haki ya kulalamikia hewa kavu.

Na ule ulioko mezani kwako sasa hivi, kama bado una shina moja la kijani lisilo na masizi chini ya majani, usiutupe. Kata ncha yenye urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, itie kwenye glasi ya maji dirishani na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Mizizi itatoka ndani ya wiki moja hadi mbili, kisha uipande kwenye kopo lenye tundu. Kiyai mpe mtoto kiwe taa ya kulalia. Usikitie maji.